Ule mutu walimuzika wapi? Mizimu na walozi wa jukwaani mbele ya watazamaji wa leo

Katika vitabu vinavyofundisha michezo ya tanzia (ile tuliyoizoea katika masomo ya sekondari kwa jina la tragedi) kuna wazo moja linalorudi kila mara. Linasema kwamba mtazamaji wa leo haamini tena mizimu wala walozi, na kwa hiyo mwenye kuongoza mchezo yuko na kazi ngumu: ama awafiche, ama awageuze kuwa mawazo ya mtu mwenye ugonjwa wa akili. Wazo hilo tulilisoma shuleni, tukalirudilia katika mitihani, tukapata pointi. Lakini tukiangalia watu wanaoketi karibu nasi katika ukumbi wa parokia, au chini ya hema la kilio, tunajiuliza: huyo mtazamaji wa leo ni nani? Anakaa mtaa gani?

Jambo hili lilianza kutusumbua jioni moja tulipokuwa watu kumi na wawili tukisoma Macbeth ya Shakespeare kwa sauti, kila mmoja na sehemu yake. Tulifika kwenye karamu. Mfalme ametuma wauaji wamuue rafiki yake Banquo, na mmoja wao anakuja mpaka mlangoni, damu ingali usoni mwake, kutoa habari: kazi imekwisha, Banquo amelala katika mufereji, ana majeraha ishirini kichwani. Mfalme anarudi kwa wageni, anataka kuketi, anakuta kiti chake kimekaliwa. Aliyekikalia ni Banquo. Mke wa mfalme hamwoni, wageni hawamwoni, ni mfalme tu anayemwona na kupiga kelele.

Hapo mama mumoja aliyekuja tu kumsindikiza mtoto wake akauliza: «Lakini Mwalimu, ule mutu, walimuzika wapi?»

Tukamjibu kwamba hawakumzika, walimwacha mule mule katika mufereji.

«Ah! Basi njo maana anarudia.» Akaendelea kusikiliza, bila mashaka hata kidogo.

Sisi wenye diploma tulicheka. Alafu tukanyamaza, kwa sababu sisi wote tulikuwa tumeandaa maswali kwa ajili ya ile jioni (je, mzimu ni wa kweli ao ni dhamiri ya Macbeth? je, unapaswa kuonekana ao kiti kibaki wazi?), na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza habari ya kaburi. Na kaburi limo ndani ya maandishi. Macbeth mwenyewe, akiwa anatetemeka, analalamika kwamba zamani mtu akipasuliwa kichwa alikufa na mambo yakaisha, lakini sasa wafu wanaondoka makaburini na kuja kutunyang'anya viti. Anasema makaburi, kumbe huyu aliyemtupa hana kaburi lolote. Mama yule hajasoma Shakespeare, lakini alikamata uzi ambao sisi tuliuruka.

Tangu siku ile tuliirudia michezo mingine tuliyoisoma, tukiwa na swali la mama mkononi, na tuliona kwamba watungaji wa zamani walikuwa wakilijibu karibu kila mahali. Wagiriki kwanza. Katika Hecuba ya Euripides anayefungua mchezo ni mzimu: ni kijana Polydorus, mtoto wa mfalme wa Troya, aliyeuawa na mwenyeji wake kwa ajili ya dhahabu na kutupwa baharini. Mwili wake unabebwa huku na huku na mawimbi, na anachotaka ni kitu kimoja, kufika mikononi mwa mama yake na kupata kaburi. Katika Waajemi ya Aeschylus, mchezo wa mwaka 472 kabla ya Kristo, mjane wa mfalme Dario anakwenda kwenye kaburi la mume wake na maziwa, asali, maji, divai na mafuta ya zeituni, anamwaga, wazee wanaimba, na mume anapanda juu kuuliza ni shida gani imeingia katika nchi. Kwa ukurasa kama huo, mwanafunzi wa Paris anahitaji maelezo marefu ya mwalimu. Mzee wa kijiji chochote cha Kivu atauliza tu kama pombe ilikuwa ya ndizi ao ya mtama.

Alafu kuna Hamlet, na hapa tunaomba ndugu msomaji asimame nasi kidogo, kwa sababu Shakespeare ametuweka sisi wasomi ndani ya mchezo. Askari wa zamu wameona mzimu wa mfalme mara mbili. Wanamwita Horatio, mwanafunzi wa chuo cha Wittenberg, ambaye amekwisha kusema kwamba ni mawazo yao tu. Mzimu unatokea. Askari wanamwambia: wewe ndiye uliyesoma, sema nayo wewe! Na msomi anafanya nini? Hatoi hotuba juu ya kuamini na kutoamini. Anauliza maswali yale yale ya mama wetu. Kuna jambo jema linaloweza kufanywa ili upate kupumzika? Unajua hatari inayokuja juu ya nchi? Ao ulificha mali katika ardhi ulipokuwa hai? Yaani: unataka nini, na unamtaka nani. Msomi wa Wittenberg, akiisha kutetemeka, anakuwa mtu wa kijiji.

Tusidanganyane lakini. Tukisema «watazamaji wa hapa kwetu wanaamini», tunasema jambo la uvivu. Katika ukumbi mmoja wako watu wa namna nyingi. Vijana waliokulia filamu za Nigeria wamekwisha kuona mizimu ya kila aina, yenye unga mweupe usoni na moshi nyuma, na ukiwatolea mzimu uliovaa shuka watacheka mpaka mchezo uharibike. Wako pia ndugu wa vikundi vya maombi. Jioni ile ile mmoja wetu alikataa kusoma maneno ya walozi watatu. Alisema maneno ya namna ile hayapiti katika kinywa chake, hata kwa mchezo. Tulimwona kama mtu wa nyuma. Baadaye tukakumbuka kwamba waigizaji wa Uingereza wenyewe wana mwiko wa kutotaja jina la Macbeth ndani ya jengo la michezo; wanauita «mchezo wa Scotland», na anayeteleza analazimishwa kutoka nje na kufanya vituko fulani kabla ya kuruhusiwa kuingia tena. Ndugu yetu basi hakuwa peke yake.

Na huko Ulaya, je, mtazamaji aliacha kuogopa siku gani? Kila karne inasema ni karne yake. Voltaire, mtu wa akili na mchekaji wa mambo ya dini, mwaka 1748 alileta mzimu wa mfalme Ninus katika mchezo wake Sémiramis, katikati ya Paris. Wakati ule matajiri walikuwa wanaketi juu ya jukwaa lenyewe, karibu na waigizaji, na mzimu ulipotaka kutoka kaburini haukupata njia. Inasimuliwa kwamba askari mlinzi akapaza sauti: pisheni, pisheni, kivuli kipite! Watu wakacheka, tanzia ikafa. Miaka 11 baadaye, katika 1759, viti viliondolewa juu ya jukwaa lile.

Ilikuwa Mjerumani Lessing, katika 1767, aliyeeleza vizuri kwa nini mzimu wa Voltaire hauogopeshi na ule wa Shakespeare unaogopesha. Hakusema kwamba mmoja aliamini na mwingine hakuamini. Alisema kwamba mzimu wa Voltaire hauna adabu za mizimu: unatokea mchana kweupe, mbele ya mkutano wa wakubwa wote, kila mtu anauona na hakuna anayejua afanye nini na mwili wake. Mzimu wa Hamlet unakuja usiku, kwa mtu wake, na sisi tunaogopa kwa kupitia macho ya yule mtu wake. Tunaikubali hoja hiyo mikono miwili. Tungeongeza tu kwamba kila mwenye kufiwa hapa kwetu anaijua bila kusoma Lessing: mfu haji kwa wote, anakuja kwa yule mwenye deni.

Waingereza nao walijaribu kuwa watu wa kisasa. Mwaka 1794 huko London, katika jengo jipya la Drury Lane, Kemble aliigiza Macbeth bila kumleta Banquo: kiti wazi, na mfalme akiongea na hewa. Watazamaji walio wengi hawakupenda. Walimtaka Banquo wao, na baadaye alirudishwa. Tukumbuke pia kwamba tuna ushuhuda wa mtu aliyeuona mchezo huu Shakespeare akiwa bado hai. Simon Forman, mganga na msoma nyota, aliutazama kwenye jengo la Globe mwaka 1611, na katika karatasi zake aliandika juu ya mzimu uliokuja ukaketi katika kiti nyuma ya mfalme. Maneno mengi mazuri ya mchezo ule hakuyaandika. Kiti alikiandika.

Jaribio linalotupendeza zaidi ni la mwaka 1980, katika jengo la Royal Court, London. Richard Eyre alikuwa akiongoza Hamlet na Jonathan Pryce ndiye aliyekuwa Hamlet. Waliondoa mzimu kabisa. Maneno ya baba aliyekufa yalitoka kinywani mwa mtoto mwenyewe, kwa sauti nyingine nzito, kama yanayong'olewa tumboni mwake. Mpaka leo mchezo ule unatajwa kuwa mfano wa namna ya kumsaidia mtazamaji wa kisasa: hakuna mfu anayetembea, kuna mtu mmoja anayeumwa ndani. Sawa. Lakini mlete Pryce hapa kwetu, juu ya jukwaa la mbao, mbele ya watu mia mbili, aanze kusema kwa sauti ya baba yake marehemu. Hakuna hata mmoja atakayesema mzimu umeondolewa. Watasema umempanda. Wengine watasogea nyuma, wengine wataanza kuomba, na mama wetu atauliza kama kilio cha mfalme kilifanywa sawasawa ao kilikatishwa na harusi. (Kilikatishwa. Hamlet mwenyewe analalamika kwamba chakula cha matanga kilichobaki ndicho kilichoandaliwa harusini.) Hivi ile njia iliyochaguliwa kwa ajili ya wasioamini inageuka kuwa yenye nguvu kuliko zote kwa wanaoamini. Ndiyo sababu tunasema neno «mtazamaji wa leo» halitusaidii.

Lugha pia iko na sehemu yake katika shida hii. Mfaransa anasema kivuli, Mwingereza ana neno moja la mzimu ambalo ni lile lile alilotumia kwa Roho Mtakatifu katika sala za zamani. Sisi tutasema nini? Tukiandika «mzimu», tumekwisha kukubali kwamba ni baba kweli, mtu wa ukoo, na kwamba anastahili kusikilizwa. Tukiandika «shetani», tumekwisha kumhukumu. «Pepo» inaleta mambo ya kupandwa na kuponywa, «kivuli» inamfanya kuwa mwepesi mno. Lakini Hamlet anateseka matendo matatu mazima kwa sababu hajui ni lipi kati ya haya. Uingereza ya wakati ule ilikuwa imeacha fundisho la purgatori, na huyu mfu anadai anatoka mahali pa kuchomwa mpaka makosa yake yatakaswe! Kijana aliyesoma Wittenberg, mji wa Luther, amwamini vipi? Ndiyo maana anaandaa mchezo ndani ya mchezo, apate ushuhuda. Mtafsiri wa Kiswahili akichagua neno haraka, anamnyang'anya Hamlet shida yake. Tungependelea waigizaji waseme «kile kitu» katika sehemu ya kwanza, kama wanavyosema askari wa zamu, na neno «baba» lije baadaye, kwa gharama.

Mpaka hapa tumesifu watu wetu, na msomaji anaweza kufikiri kwamba tunataka kusema mwenye kuamini anaona vizuri kuliko asiyeamini. Kwa mizimu, karibu tungesema hivyo. Kwa walozi, hapana.

Jioni ile tulipomaliza kusoma, tuliuliza watu: nani aliyemuua mfalme Duncan? Walio wengi walijibu mara moja: walozi wale watatu. «Banamuloga tu. Alikuwa mutu muzuri, askari wa kweli, banamupita ku njia.» Kesi imekwisha, hukumu imetoka. Na Macbeth? Maskini, mgonjwa. Hata mke wake alipata huruma.

Jibu hilo lina ndugu yake maarufu. Mwanamke Mmarekani, Laura Bohannan, alikaa na watu wa Tiv huko Nigeria, na mwaka 1966 alitoa makala akieleza namna alivyowasimulia wazee wao hadithi ya Hamlet siku za mvua, wakinywa pombe. Wazee hawakukubali kwamba mfu anaweza kutembea na kusema. Kwao ile ilikuwa ishara iliyotumwa na mlozi. Na walipofika kwenye wazimu wa Hamlet, wakamfundisha msimulizi: wazimu unatoka kwa ulozi, na mtu analogwa na watu wa upande wa baba yake tu, kwa hiyo ni baba mdogo Claudius aliyemloga. Makala ile inachekesha, na kila mara inasomwa ili kuonyesha kwamba kila kabila linasoma kwa macho yake. Sisi tunaona kitu kingine pia. Mara tu ulozi unapotajwa, swali la kila mtu alifanya nini kwa mikono yake linafungwa.

Na katika Macbeth Shakespeare amelifungua wazi kabisa. Walozi watatu hawamwambii Macbeth aue. Wanamsalimia kwa majina ya vyeo, cha mwisho kikiwa ufalme. Neno la kuua linatoka katika kichwa chake, pale pale njiani, na linamshitua yeye mwenyewe. Na pembeni yake amesimama Banquo, amesikia walozi wale wale, saa ile ile, ameahidiwa kwamba watoto wake watakuwa wafalme. Banquo haui mtu. Tena anamwonya mwenzake kwamba nguvu za giza zinatupa ukweli mdogo ili zitupoteze katika jambo kubwa.

Mchezo huu uliandikwa karibu 1606, chini ya mfalme James, aliyekuwa ametunga kitabu kizima juu ya mashetani na ulozi mwaka 1597, na ambaye huko Scotland alikuwa amehudhuria mwenyewe mahojiano ya watu walioshitakiwa ulozi, kati ya 1590 na 1591. Watazamaji wa siku zile walikuwa wamesikia habari za wanawake walionyongwa na kuchomwa. Tarehe 8 Machi 2022 waziri wa kwanza wa Scotland, Nicola Sturgeon, aliomba msamaha bungeni kwa ajili ya wale walioteswa chini ya sheria ya ulozi ya 1563. Kwa makadirio, waliouawa walipita 2500, na walio wengi walikuwa wanawake. Miaka zaidi ya 400 kati ya moto na samahani.

Sisi hatuko na miaka 400. Watoto wa Kinshasa wanafukuzwa nyumbani kwa neno moja la ndoki, hata ingawa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu anayemshitaki mtoto ulozi. Katika Kivu ya Kusini, mwaka 2021, wanawake kadhaa waliuawa na umati kwa sababu hiyo hiyo. Mwongozaji wa London akivalisha walozi wa Macbeth matambara na kuwapa mgongo uliopinda, anachekesha ao anatisha, watu wanarudi nyumbani. Mwongozaji wa hapa akifanya hivyo, anaonyesha bibi mzee wa jirani, mjane, mwenye macho mekundu ya moshi wa jiko. Kati ya watazamaji kunaweza kuwa mtu anayemtafuta.

Wengine wametafuta njia ya kutoka hapo. Mwaka 1936 huko Harlem, Orson Welles alihamisha Macbeth kwenda Haiti, na ngoma ziliongozwa na Asadata Dafora, mtu wa Sierra Leone. Mwandishi mmoja wa gazeti aliyeuponda mchezo ule alikufa kwa homa ya mapafu siku chache baadaye, na mpaka leo watu wa New York, wale wale wa kisasa, wanasimulia kwamba ngoma zilimfuata. Mwaka 2014 Brett Bailey wa Afrika ya Kusini alichukua opera ya Verdi juu ya Macbeth, ya 1847, akaileta kwetu: ni mashariki ya Congo, Macbeth ni mkubwa wa kivita, na walozi wamekuwa wakubwa wa kampuni ya kigeni wanaotaka madini. Wazo ni zuri, na halimwangukii bibi yeyote wa mtaani. Lakini tunaogopa kidogo makofi ambayo lingepata hapa. Tutapiga makofi kwa sababu lile jibu la zamani limerudi na nguo mpya: banamuloga, na safari hii waliomloga ni wazungu wa madini. Wapo kweli, na wanafanya kazi yao. Na Macbeth je? Panga lilikuwa mkononi mwa nani?

Kama vijana wetu wataucheza mchezo huu, na wanasema wanataka (Kiswahili chake kipo tangu 1968, kazi ya S. S. Mushi wa Tanzania, ingawa wengine wanapenda kuutoa upya katika lugha yetu ya hapa), tunaomba mambo mawili. Banquo aketi katika kile kiti, mwili mzima, mwenye udongo wa mufereji katika nguo, bila unga wala moshi. Na walozi watatu wawe watu wa kawaida: mwenye kuuza kredi za simu barabarani, kijana wa pikipiki, mtu yeyote anayekusalimia «Shefu!», «Prezida!» wakati unapita, nawe unaendelea na safari ukiwa na lile neno ndani ya sikio.

Jioni ile, kabla ya kuachana, tulimrudisha mama nyuma kwenye ukurasa wa njiani na tukamsomea tena pole pole. Alisikiliza mpaka mwisho. Alafu akauliza: «Banquo naye alisikia yale maneno?» Tukasema ndiyo, walikuwa wawili. «Na yeye hakuua?» Hakuua. Alifunga kitambaa chake tena kichwani, akamwangalia mtoto wake, akasema: «Basi tuanze upya. Mulisema huyu bibi yake alimuambia nini?» Tukaanza upya, na umeme ulipokatika tuliwasha tochi za simu.